Jeraha Lisilotoka Damu

Februari 1915, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari watatu waliotoka vitani Ufaransa. Makombora yaliwalipukia karibu. Miili ilionekana mizima, lakini macho hayakuona sawasawa na kumbukumbu zilikatika. Myers akatumia jina ambalo askari tayari walikuwa nalo mahandakini: mshtuko wa makombora.

Mwanzoni ilidhaniwa mlipuko unautikisa ubongo. Kumbe wapo waliokuwa bubu, viziwi, au wanatetemeka mwili mzima, na hakuna kombora lililowakaribia. Basi ubishi ukaanza: huyu ni mgonjwa au mwoga? Ukilifuatilia jibu, utaona halikutegemea dalili peke yake. Lilitegemea pia cheo.

Wapenzi wa ushairi wanaijua Craiglockhart, hospitali ya kijeshi karibu na Edinburgh, ambako Siegfried Sassoon na Wilfred Owen walikutana mwaka 1917. Pale daktari W. H. R. Rivers alitibu kwa mazungumzo. Hakukubaliana na ushauri wa siku zile, eti sahau yaliyopita, fikiria mambo mazuri. Aliona kwamba yale mtu anayoyakandamiza mchana ndiyo yanayomrudia usiku kama jinamizi. Kwa hiyo alimsaidia mgonjwa kulitazama tukio lenyewe, kidogo kidogo, mpaka libebeke. Tiba za leo zinazomrejesha mgonjwa kwenye tukio akiwa mahali salama haziko mbali na hapo.

Tusimtakase Rivers, lakini. Kazi aliyopewa na jeshi ilikuwa kuwaponya watu ili warudi vitani. Owen alirudi, akauawa 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha.

Tena Craiglockhart ilikuwa ya maofisa. Askari wa kawaida aliyepoteza sauti angeweza kuangukia mikononi mwa Lewis Yealland huko London. Katika kitabu chake cha 1918, Yealland anasimulia, bila haya, habari za kijana wa miaka 24 aliyekuwa bubu kwa miezi tisa. Alimfungia chumbani, akampitishia umeme kooni kwa saa kadhaa, akamwambia hatoki mpaka aseme. Akasema. Pat Barker alikichukua kisa hicho katika riwaya yake Regeneration (1991), akamfanya Rivers asimame pale akitazama. Hebu isome uone kama utaweza kuwatenganisha kabisa madaktari wale wawili.

Wengine hawakufika hata kwa Yealland. Harry Farr, askari asiye na cheo, alilazwa miezi mitano mwaka 1915 kwa mshtuko huo huo. Mwaka uliofuata alikataa kurudi mstari wa mbele; mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani kwa woga, akapigwa risasi Oktoba 1916. Mjane wake alinyimwa pensheni.

Na huku kwetu? Vita hivyo hivyo viliwabeba wapagazi wa Carrier Corps, jina lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Waliorudi nyumbani hawakuwa na Craiglockhart yao, wala Owen wa kuandika waliyoyaota.

Jina tunalolitumia leo lilichelewa sana. Baada ya Vietnam, askari wa zamani wa Marekani walikutana katika vikundi vidogo wakisimuliana, na baadhi ya madaktari wa akili, kama Robert Lifton na Chaim Shatan, walikaa nao kuwasikiliza. Walisukuma pamoja mpaka mwaka 1980, msongo unaofuata kiwewe ulipoingia katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani. Uzito wa hatua hiyo ni huu: chanzo cha ugonjwa kilitajwa kuwa tukio lililompata mtu, si udhaifu wa tabia yake. Na ugonjwa wenye jina una fomu, una daktari, una fidia.

Farr na wenzake 305 walisamehewa na Uingereza mwaka 2006. Binti yake, aliyekuwa mtoto mdogo baba alipouawa, alikuwa amevuka miaka 90. Sheria ile ilitoa msamaha. Hukumu zenyewe haikuzifuta.