Roquefort-sur-Soulzon

Roquefort-sur-Soulzon ni kijiji kidogo katika wilaya ya Aveyron, kusini mwa Ufaransa, chenye wakazi mia kadhaa tu. Nyumba zake zimebanana chini ya mwamba wa Combalou, ambao sehemu yake iliporomoka zamani sana na kuacha mapango yenye nyufa. Nyufa hizo, ziitwazo fleurines, hupitisha hewa baridi na yenye unyevu mwaka mzima. Bila hizo kijiji hiki kisingejulikana.

Humo ndimo hukomazwa jibini ya Roquefort, itengenezwayo kwa maziwa mabichi ya kondoo wa Lacaune. Kijadi, kuvu yake ilikuzwa juu ya mkate wa rai ulioachwa pangoni hadi ukaota ukungu. Jibini hutobolewa kwa sindano ili hewa ipenye na mishipa ya rangi ya buluu ienee ndani.

Sifa kubwa wanastahili cabanières, wanawake waliofanya kazi ngumu ya kukwangua na kugeuza jibini mapangoni, kwenye baridi.

Mwaka 1411 Mfalme Charles VI aliwapa wanakijiji haki ya pekee ya kuikomaza. Tangu 1925 jina Roquefort linalindwa kwa sheria.