Kuhesabu Mayai Yasiyoonekana

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza jinsi mtoto anavyokaa tumboni mwa mamaye. Usiku huu tunarudi nyuma kidogo, tuulize swali ambalo wanawake wengi wamelipeleka hospitali, na wengi zaidi wamelificha moyoni. Je, yaweza kujulikana kwa damu kidogo tu kama mwanamke bado anayo mayai ya kuzaa, na kama ni mengi au machache? Siku hizi ziko maabara Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinazopima jambo hilo kwa malipo, na mtu hutoka na karatasi yenye tarakimu. Tarakimu hiyo ina historia ndefu, na asiyeijua historia yake huweza kuisoma vibaya hata nyumba ikavunjika.

Tuanze Uholanzi. Katika mwaka wa 1672 tabibu mmoja kijana wa mji wa Delft, jina lake Regnier de Graaf, alichapisha kitabu juu ya viungo vya uzazi vya wanawake. Alikuwa amepasua sungura na wanyama wengine, akaona ndani ya ovari, yaani nyumba ya mayai, vilengelenge vyenye maji. Akadhani kila kilengelenge ni yai. Hakuwa mbali na kweli: kilengelenge ni kifuko, na yai limo ndani yake. Lakini yai lenyewe halikuonekana mpaka mwaka wa 1827, Karl Ernst von Baer alipoliona katika ovari ya mbwa jike. Yai la mwanadamu ni dogo mno, upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Hapo likazuka shindano kubwa. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku tangu abaleghe mpaka uzeeni. Je, mwanamke naye hutengeneza mayai mapya? Katika mwaka wa 1870 Mjerumani Heinrich Waldeyer alisema sivyo, mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Wengine walimkatalia, na ubishi huo ukaendelea miaka themanini. Aliyeutuliza ni Solly Zuckerman, mzaliwa wa Cape Town aliyekuwa akifundisha Birmingham, Uingereza. Katika mwaka wa 1951 alikusanya ushahidi wote uliokuwapo akaonyesha kwamba Waldeyer alisema kweli. Tangu mwaka wa 2004 wako mabingwa Marekani waliojaribu kuufufua ubishi kwa kuchunguza panya, lakini wataalamu walio wengi hawajashawishika.

Kisha katika mwaka wa 1963 bingwa mmoja, T. G. Baker, alitoa hesabu iliyowashangaza watu. Mtoto wa kike aliye tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitano, ana mayai karibu 7,000,000. Akizaliwa yamebaki kama 2,000,000. Akifika umri wa miaka saba yamebaki kama 300,000. Na katika maisha yake yote yatakayokomaa na kutoka, moja kila mwezi, ni kama mia nne tu! Mengine yamekwenda wapi? Yamekufa yenyewe kimya kimya. Fikirini ghala la mahindi lisilojazwa tena. Mwenye ghala huchota kibaba kidogo kila mwezi, lakini fukusi wako kazini usiku na mchana. Hata mwanamke akiwa na mimba, hata akimeza vidonge vya uzazi wa mpango, fukusi hawapumziki. Karibu na umri wa miaka hamsini ghala huwa karibu tupu, na hedhi hukoma.

Basi ghala limo mwilini, na mlango wake umefungwa. Mtu atajuaje kilichobaki pasipo kumpasua mwenyewe? Njia iliyopatikana ni kusikiliza habari zinazopita katika damu, yaani homoni.

Kipimo cha kwanza cha homoni za uzazi kilichotumika sana kilitoka Berlin. Katika miaka ya 1927 na 1928 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba, ukidungwa kwa panya jike mchanga, huziamsha ovari zake. Kipimo kilikuwa kizuri, lakini ilipasa kungoja siku kadhaa, kisha kumwua panya na kumpasua. Wote wawili walikuwa Wayahudi, na Wanazi walipotawala mwaka wa 1933 wakapoteza kazi zao na nchi yao. Aschheim alikimbilia Paris, Zondek akaishia Yerusalemu.

Wakati huo huo Afrika ilitoa mchango wake. Huko Cape Town, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein walionyesha kwamba chura wa Afrika ya Kusini mwenye kucha, akidungwa mkojo wa mwenye mimba, hutaga mayai kabla ya siku moja kwisha. Chura hafi, na baada ya kupumzika hutumika tena. Vyura hao wakasafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, wakawa watumishi wa hospitali mpaka miaka ya 1960. Wanawake wengi wa London walijua kwamba wana mimba kwa msaada wa chura wa Afrika, wala hawakupata kumshukuru.

Lakini panya na chura hujibu ndiyo au hapana tu. Kupima kiasi kidogo cha homoni katika damu kulitaka ufundi mwingine. Ufundi huo ulibuniwa New York na mwanamke, Rosalyn Yalow, pamoja na mwenziwe Solomon Berson. Maabara yake ya kwanza ilikuwa stoo ya mtunza jengo. Walitumia madini yenye mnururisho kama alama ya kuhesabia homoni. Majarida makubwa yaliwarudishia makala yao katika mwaka wa 1955. Yalow aliitunza barua ile ya kukataliwa, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1977 akaionyesha mbele ya watu. Berson hakuwapo, amekwisha kufa mwaka wa 1972.

Kwa ufundi huo waganga waliweza kupima homoni iitwayo FSH, inayotoka katika tezi ndogo chini ya ubongo na kuyaita mayai yakomae. Ni kama mama amwitaye mtoto aliye mbali: asipoitikiwa hupaza sauti. Ovari ikianza kuishiwa, FSH hupanda. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai, 1978, na miaka kumi baadaye waganga wa Norfolk, Marekani, walionyesha kwamba mwanamke ambaye FSH yake iko juu siku ya tatu ya hedhi hutoa mayai machache akidungwa dawa za kuyakuza. Tatizo lake ni kwamba sauti hupazwa ghala likiwa limekwisha pungua sana.

Sasa tumefika penye kisa nikipendacho, na wafugaji watanielewa upesi kuliko wengine. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike mara nyingi sana huwa tasa. Wafugaji walilijua jambo hili tangu kale, lakini sababu yake ilielezwa na Frank Lillie wa Chicago mwaka wa 1916: damu za mapacha hao huchanganyika tumboni, na kitu fulani cha dume humharibu dada yake. Kitu gani? Alfred Jost, huko Paris, alifanya kazi ngumu ya kuwapasua sungura walio bado tumboni mwa mama zao, akawaondoa dume kokwa zao. Wote wakakua kwa umbo la jike. Akajaribu kuwatia homoni ya kiume ijulikanayo. Ikajenga viungo vya kiume, lakini haikuondoa mirija iwezayo kuwa tumbo la uzazi. Kwa hiyo katika mwaka wa 1947 akatangaza kwamba lazima iko homoni ya pili. Nathalie Josso, tabibu wa watoto aliyefanya kazi pamoja naye, aliifuatilia miaka mingi, na mwaka wa 1986 chembe ya urithi inayoitengeneza ikajulikana. Leo huitwa AMH.

La ajabu ni kwamba homoni hii ya kiume ilionekana baadaye ndani ya ovari za wanawake wazima. Hutolewa na vifuko vidogo vilivyoanza kukua. Vifuko vikiwa vingi, AMH huwa nyingi. Vikipungua, nayo hupungua. Tangu mwaka wa 2002 mabingwa wa Uholanzi na Marekani waliionyesha kuwa alama ya akiba, na kipimo kikaenea duniani kote.

Mwezi uliopita tulipata barua ya msikilizaji mwenye umri wa miaka 34. Alipimwa, karatasi ikasema 0.6. Wifi yake aliisoma kwa sauti mbele ya mavyaa, na tangu siku hiyo nyumbani huitwa tasa. Mumewe hajapimwa kitu chochote.

Dada yetu, sikiliza. Kwanza tazama kipimo kilichoandikwa mbele ya tarakimu, kwa maana maabara hutumia vipimo viwili, na moja ya kipimo kimoja ni saba na ziada ya kingine. Pili, karatasi ile inakisia wingi wa mayai, haisemi kama ni mazima au mabovu. Hilo hutegemea umri zaidi. Na mwenye mayai machache hutoa yai moja kwa mwezi kama mwenye mengi. Katika mwaka wa 2017 Anne Steiner na wenziwe huko Marekani walitangaza habari za wanawake 750, wenye umri wa miaka 30 mpaka 44, wasio na historia ya utasa. Waliokuwa na AMH chini ya 0.7 walikisiwa kushika mimba, katika mizunguko sita ya hedhi, 65 kwa kila mia. Wenye AMH ya kawaida walikuwa 62 kwa kila mia. Mwaka wa 2019 chama cha waganga wa uzazi cha Marekani kikawaonya waganga wasitumie kipimo hiki kumtabiria uzazi mwanamke asiye na tatizo.

Kipimo kina kazi yake: kumsaidia mganga kuchagua kiasi cha dawa kwa anayetaka kutungiwa mimba nje ya tumbo. Lakini mwanamke aliyetafuta mtoto mwaka mzima, au miezi sita ikiwa amepita miaka 35, na aende hospitali pamoja na mumewe. Mirija iliyozibwa na maradhi ya zamani haionekani katika AMH, wala mbegu dhaifu za mume hazionekani.

Juma lijalo tutasoma habari za Antoni van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa wa mji ule ule wa Delft, aliyezitazama mbegu za mwanamume kwa darubini mwaka wa 1677. Tunawaomba wanaume wasikose.