Toronto, Mlimani na Sisi wa Buha

Nilipotea kidogo, UE zilinibana, lakini nimetoka mzima. Leo siwaletei habari za foleni ya kafeteria wala bumu kuchelewa. Kuna dogo mmoja wa Kibondo, yuko kidato cha sita, kaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani siku tatu. Kasoma mahali kwamba Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ni "chuo cha utafiti". Anataka kujua chuo cha utafiti maana yake nini, na mtu wa kwetu akienda huko anapata nini ambacho hapa Mlimani hakuna. Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu, yaishe. Nilipoanza kuchimba nikakuta historia ya chuo hicho na ya hiki changu zimeshonana, na sisi wa Kasulu na Kibondo tumo humo humo, ila tumekalia benchi la wanaoulizwa maswali. Kwa hiyo ni insha ndefu. Tafuta karanga, kaa.

Tuanze na Toronto yenyewe. Chuo kilipewa hati ya mfalme wa Uingereza tarehe 15 Machi 1827, kikiitwa King's College, na kilikuwa mikononi mwa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1849 ikapitishwa sheria ya kukitoa kanisani, na kuanzia 1850 kikaitwa Chuo Kikuu cha Toronto. Miaka mingi kilikuwa mahali pa kufundisha vijana wa wakubwa, basi. Kilichokipa jina duniani kilikuja baadaye sana, na kinawahusu hata wagonjwa wanaopanga foleni kliniki ya kisukari kwetu.

Kiangazi cha 1921 daktari kijana wa upasuaji, Frederick Banting, aliomba chumba cha maabara kwa Profesa John Macleod. Alikuwa na wazo lake kuhusu kongosho, hana jina, hana uzoefu wa maana wa utafiti. Macleod akampa chumba, mbwa wa kufanyia majaribio, na msaidizi mmoja: Charles Best, umri miaka 22, ndiyo kwanza anatoka kwenye digrii ya kwanza. Wakahangaika na joto lile na mbwa wale mpaka wakapata kitu kinachoshusha sukari. Januari 1922 wakamchoma sindano mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufaa kitu, dawa ilikuwa chafu. Mkemia James Collip akaisafisha, wakarudia baada ya siku kama kumi na mbili, na mtoto akapata nafuu. Hiyo ndiyo insulini. Mwaka 1923 Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel, na hapo napenda: Banting akagawana fedha zake na Best, Macleod akagawana zake na Collip. Haki ya ugunduzi wakakiuzia chuo kwa dola moja moja. Dola moja, jamani! Chuo tayari kilikuwa na maabara zake za Connaught, zilizoanza 1914 kutengeneza kinga za magonjwa, na ndizo zikaanza kuizalisha dawa kwa wingi.

Dogo, hapo jibu la kwanza umeshalipata. Chuo cha utafiti ni mahali ambapo mwalimu halipwi kwa kufundisha tu, analipwa pia kwa kutafuta kitu ambacho hakijaandikwa kwenye kitabu chochote. Kuna maabara, kuna fedha, kuna mtu wa kukupa chumba hata kama hujulikani, na mwanafunzi kama Best anaingia jikoni mapema badala ya kungojea kupakuliwa. Haikuishia 1922. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch walithibitisha hapo hapo Toronto kwamba kuna seli mama zinazozaa seli nyingine za damu. Mwaka 2024 Geoffrey Hinton, profesa wa miaka mingi wa chuo hicho, alipata Nobel ya Fizikia pamoja na John Hopfield kwa kazi iliyozaa hii akili bandia ambayo sasa kila mtu anaifanyia asaimenti.

Lakini usione ving'aavyo ukadhani vyote ni vyako. Chuo kina kampasi tatu na wanafunzi karibu laki moja. Mwaka wa kwanza unaweza kusoma kwenye ukumbi wa watu zaidi ya elfu moja, profesa unamwona kama mwezi, mbali na juu. Karo ya mwanafunzi wa nje kwenye masomo ya sanaa na sayansi inazidi dola 60,000 za Kanada kwa mwaka, hujala, hujalala, hujanunua koti la baridi. Kwa mkulima wa maharage wa Kibondo hiyo siyo bei, ni tusi.

Mlango uliopo unaitwa Lester B. Pearson, ufadhili uliopewa jina la waziri mkuu wa zamani wa Kanada aliyesoma hapo. Unalipia karo, vitabu na malazi kwa miaka minne. Sasa sikiliza vizuri: huombi mwenyewe moja kwa moja. Shule yako ndiyo inakupendekeza, na inapendekeza mwanafunzi mmoja tu, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari au aliyemaliza karibuni. Yaani kama mkuu wa shule hajawahi kusikia habari hiyo, akili yako yote inaishia getini. Shule kubwa za Nairobi na Dar zina mwalimu ambaye kazi yake ni mambo hayo tu. Shule ya kata huko kwetu mwalimu huyo huyo anafundisha jiografia, anasimamia mahindi ya shule, na ndiye mhasibu. Kwa hiyo kabla ya kuandika insha nzuri ya kujisifu, nenda kwa mkuu wako na shikamoo yako na karatasi zenye maelezo yote, mapema, usingoje mwezi wa mwisho. Pia Mastercard Foundation, ambayo makao yake yako mji huo huo wa Toronto, imekuwa ikilipia vijana wa Kiafrika kwenye vyuo kadhaa vya Kanada, vikiwemo Toronto, McGill na British Columbia. Ngazi wanazolipia hubadilika, angalia za mwaka wako.

Sasa njoo Dar. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, kilifunguliwa chuo kikuu kishiriki cha London kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi 14, wote wa sheria. Hakukuwa na kilima wala Nkrumah Hall wala daladala za Ubungo. Mkuu wa kwanza wa chuo hicho alikuwa nani? Mkanada, Cranford Pratt, mzaliwa wa Montreal. Aliongoza mpaka 1965, na 1964 ndipo chuo kikahamia hapa Mlimani. Alipoondoka alikwenda kufundisha siasa wapi? Toronto. Huko akaandika kitabu kikubwa kuhusu Nyerere na nchi yetu, The Critical Phase in Tanzania, kilichotoka 1976.

Siyo yeye peke yake. Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya hapa chuoni iliongozwa kuanzia 1966 mpaka 1968 na Gerald Helleiner, mchumi wa Toronto. Ni huyo huyo aliyeitwa tena miaka ya tisini, serikali na wafadhili walipokuwa wamenuniana, akaongoza jopo lililotoa ripoti mwaka 1995, na ripoti hiyo iliwasema wafadhili na serikali wote wawili bila kuwapaka mafuta. Halafu kuna John Saul, mtoto wa Toronto, aliyefundisha hapa kuanzia katikati ya miaka ya sitini mpaka 1972, mjamaa kuliko wajamaa, aliyerudi Kanada kufundisha chuo kingine cha mji ule, York.

Watu wengi hapa wanazisimulia enzi zile kama hadithi ya Walter Rodney tu. Rodney alikuwa mkubwa, sibishi, na kitabu chake cha 1972 kinasomwa mpaka leo. Ila jambo linalonivuta zaidi ni wanafunzi. Museveni alikuwa hapa mpaka 1970 akiongoza chama cha wanafunzi wanamapinduzi. Wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, na mwaka 1970 Issa Shivji, kijana kabisa, akaandika humo uchambuzi wa matabaka ndani ya nchi iliyokuwa inajiita ya kijamaa. Mwaka huo huo jarida likapigwa marufuku na chama kikafungwa. Miaka minne nyuma, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300, wakaenda makwao kulima. Kumbe hata kwenye chuo cha utafiti kuna maswali unayolipiwa kuuliza na kuna mengine unalipa wewe.

Haya, na sisi wa Buha?

Nchi ya juu, kuanzia Heru kwa Kasulu mpaka Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo na Kakonko, wakoloni waliitazama kama ghala la nguvukazi. Hawakutuletea shamba kubwa wala kiwanda, walituletea kodi, na kodi ikatoa vijana milimani. Reli ilifika Kigoma 1914. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na Muha akawa manamba, mtu wa namba, wa kupakiwa mpaka Tanga na Morogoro. Mpaka leo ukisema hapa chuoni unatoka Kigoma, kuna mtu atakutania kwa utani wenye mizizi huko huko. Shule zilikuwa chache na mbali. Hata Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyekaa kwenye baraza la kutunga sheria la Tanganyika, wengi kwenye darasa letu la historia walikuwa hawajawahi kumsikia.

Aliyeandika kwa kirefu jinsi uhamaji huo ulivyobadilisha mambo kati ya wazee, vijana na wake zao katika Buha ya milimani ni Margot Lovett, kwenye tasnifu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, 1996. Mwaka huo huo Kasulu ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo, na kambi za Warundi zikawa zimejaa Mtabila, Nduta, Mtendeli, Kanembwa. Magari meupe, mafuta ya kula ya msaada sokoni, kuni kuadimika, vibarua wa bei ya chini mashambani: waliokua miaka hiyo wanajua. Na watafiti wakaja nyuma ya magari meupe. Loren Landau akatoa kitabu mwaka 2008, The Humanitarian Hangover, anauliza misaada ile iliibadilisha vipi Kasulu na siasa zake, akiilinganisha na Mpwapwa ambako wakimbizi hawakuwepo. Swali zuri sana. Kanada nako, James Milner wa Chuo Kikuu cha Carleton ameandika kwa kina kuhusu siasa za kupokea wakimbizi, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi tatu za kitabu chake cha 2009.

Siwalaumu hao. Bila wao kuna mambo ya kwetu yangeshapotea. Ila jaribu kukipata kitabu kama hicho ukiwa Kasulu mjini, uone. Mama aliyeulizwa maswali dodoso mkononi, saa mbili, maharage jikoni yanaungua, hajaambiwa mpaka leo majibu yake yalisema nini.

Mlimani nao hawakulala. Kituo cha hapa cha kuchunguza uhamaji wa lazima kilitoa mwaka 2003 ripoti kuhusu athari za wakimbizi kaskazini magharibi mwa Tanzania, kazi ya kina Bonaventure Rutinwa na Khoti Kamanga, ikipima faida na hasara kwa wenyeji wa mikoa yetu. Hilo ndilo jibu la pili kwa dogo. Toronto wana fedha, wana maabara ambazo hapa utaziota tu. Mlimani una basi la kwenda Kasulu, una Kiswahili, na ukisoma hapa na Kiha chako unamwelewa bibi kabla mkalimani hajafungua mdomo. Kama unataka kuchunguza seli au kompyuta, pambana upate Pearson, nenda na usigeuke nyuma. Kama swali lako liko Kibondo, fikiria mara mbili: digrii ya kwanza hapa, ya pili huko, wengi wamepita hivyo na ufadhili wa uzamili mara nyingi ni mpana zaidi.

Mimi utafiti wangu wa mwaka wa tatu nimeshauandikisha: manamba wa Heru, walivyoondoka na walivyorudi. Waliokwenda mkonge miaka ya hamsini wakiwa vijana, leo aliye mdogo kabisa kati yao anakaribia miaka tisini. Likizo hii nashuka Kasulu na madaftari na kinasa sauti cha kuazima, nitaanzia Heru Juu, kisha nitashuka vijiji vya njia ya Kibondo. Kama babu yako alikwenda Tanga au Kilosa na bado ana nguvu za kuzungumza, niambie yuko kijiji gani, na kama anapenda nije asubuhi au jioni.