Ruhusa si haki

Katika programu za kusimamia seva, kila mtumiaji huwekewa wasifu unaosema aguse nini: huyu asome kumbukumbu tu, yule awashe na kuzima mashine, mwingine asajili watumiaji wapya. Wafasiri wengi huuita uwezo huo "haki za mtumiaji". Naomba tuuite ruhusa.

Haki huzaliwa nayo mtu, akinyimwa huenda mahakamani. Ruhusa hutolewa na mwenye mlango, kwa kazi maalumu. Asili yake ni neno la Kiarabu rukhsa, ambalo katika fikihi ya Kiislamu ni nafuu, kama ya msafiri kufupisha sala: safari ikikoma, nafuu nayo hukoma.

Kwenye kompyuta nako, mwaka 1975 wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji apewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake. Ukishauita uwezo huo haki, kuupunguza kunasikika kama dhuluma, na fundi atasita kumfungia mlango mhasibu aliyehamia idara nyingine miezi sita iliyopita. Kuiondoa ruhusa hakumvunjii mtu heshima.