Walikuwa na Risasi Ngapi?

Kwenye nchi ambako watu huwinda kwa burudani, Marekani kwa mfano, kuna wanaojitengenezea risasi nyumbani. Jioni mtu anakaa mezani, anachukua ganda lililokwisha tumika, anatia fataki mpya, anapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, kisha anakaza kichwa cha risasi. Kesho yake anaenda kupiga karatasi, anapima umbali kati ya tundu na tundu, anarudi mezani kurekebisha. Shabaha ni kufanana tu: risasi ya ishirini iwe ndugu pacha wa ile ya kwanza.

Hapa kwetu Nakuru hobi hiyo hakuna. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Lakini nikisoma habari za hao jamaa na mizani yao, kitu kinachonigusa ni kingine: mtu anaweza kutafuta shabaha namna hiyo kwa sababu ana risasi za kupoteza. Na historia ya Bonde la Ufa, ukiitazama vizuri, ni historia ya nani alikuwa nazo za kupoteza na nani hakuwa nazo.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ndio ametoka Ikulu ya Marekani, alifika huku na mwanawe Kermit. Alipiga viboko Ziwa Naivasha. Mpaka safari inaisha, wawili hao walikuwa wameua wanyama na ndege 512. Hiyo ni hesabu ya waliokufa. Risasi zilizokosa hazimo.

Walowezi waliokuja kugawana mashamba kuanzia Naivasha hadi Njoro nao waliletewa risasi kwa meli. Viwanda vya Uingereza viliwafikiria mpaka jua lao. Baruti ya zama hizo ikipata joto kali ilisukuma kwa nguvu kupita kiasi, na ganda likanasa ndani ya bunduki huku nyati anakuja. Kwa hiyo wahandisi walipunguza baruti, au wakaunda ganda kubwa zaidi, kama lile la Rigby wa London la mwaka 1911, ili msukumo usipande sana. Haya yote ili mzungu mmoja asikose.

Sasa twende 1953, hali ya hatari imeshatangazwa. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na mafundi wao msituni. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako ni mti, komeo ni kitasa cha mlango, na cha kusukuma pini ni raba iliyokatwa kwenye tyubu ya gari. Jua kali kabla ya jina jua kali. Tatizo ni kwamba mtutu wa kiwandani una mifereji inayojipinda, inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Bomba halina. Risasi ile ile iliyopimwa kwa uangalifu Uingereza ilitoka humo ikienda inakotaka, na wakati mwingine bomba lilipasuka usoni mwa mwenye kulishika. Basi mpiganaji alilazimika kusogea karibu sana na adui. Shabaha yake ilikuwa miguu yake.

Ndiyo maana usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Waliwafungua wafungwa 173 na kuondoka na bunduki 47 pamoja na maelfu ya risasi. Vitabu husema sana kuhusu bunduki. Mimi naona risasi ndizo zilizokuwa mali, maana bunduki fundi angeweza kuiga. Risasi hakuweza.

Serikali nayo ilijua. Kukutwa na risasi kukawa kosa la kunyongwa. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyefundishwa kulenga na jeshi la Mwingereza huyo huyo na kupelekwa Burma, alikamatwa Januari 1954. Mojawapo ya mashtaka yake ilikuwa kupatikana na risasi mbili. Mbili! Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa. Wengine hawakupata bahati hiyo: kati ya watu 1,090 walionyongwa vita hivyo, 472 walinyongwa kwa kumiliki silaha au risasi. Waliohukumiwa kwa kuua walikuwa 346.

Bado utasikia watu wakisifu walowezi wa bonde hili, ati walikuwa wapiga shabaha wa ajabu. Inawezekana. Mimi nikisikia hivyo huwa nauliza swali moja tu: walikuwa na risasi ngapi?