Kuoka, Kuumua na Kupalia: Historia Fupi ya Istilahi za Mapishi ya Kiingereza Katika Kiswahili

Waundaji wa istilahi hushughulika zaidi na maneno ya sheria, sayansi na utawala, na kuyaacha ya jikoni yajitafutie njia. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba maneno ya jikoni nayo yana historia, na kwamba uzembe katika kuyatumia huleta hasara kwa mtu aliyenunua unga kwa fedha yake.

Tuanzie Mkula, kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na miwa. Ngano haistawi huko. Unga wake hutoka mbali. Sukari, kwa upande mwingine, husagwa papo hapo bondeni, katika viwanda ambavyo cha kwanza kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wamisionari wa Ifakara nao walikuwa Wakapuchini kutoka Uswisi, si Waingereza. Hata hivyo, mtu wa bonde hili husema keki, biskuti, skonzi na slesi. Ni dhahiri basi kwamba maneno haya hayakuhitaji mpishi wa Kiingereza yapate kuenea. Yalifuata lugha ya utawala wa Waingereza, uliodumu Tanganyika hadi mwaka 1961, pamoja na bidhaa za dukani.

Tukiyapanga maneno hayo twaona utaratibu wa ajabu. Majina ya vitu vilivyokwisha kupikwa ni ya kigeni. Skonzi na slesi yalikopwa pamoja na alama yake ya wingi wa Kiingereza, nasi tukayafanya umoja. Vyombo na viungo vingi vina majina ya asili ya Kiarabu: tanuri, sufuria, hamira, sukari. Lakini vitenzi ni vyetu: kukanda, kuumua, kuoka, kukaanga, kupalia. Jina lilikuja na kitu, ila kazi ilikuwako.

Wala tusidhani kwamba kukopa ni aibu yetu peke yetu. Neno la Kiingereza lililotupa keki lilitoka kwa watu wa Skandinavia. Lililotupa biskuti lilitoka Ufaransa, na maana yake ni kilichopikwa mara mbili. Sukari yetu na neno lao la sukari ni ndugu, yote yakirudi kwenye Kisanskriti.

Ugumu huanza pale neno moja linapobebeshwa vitu viwili. Mfano wa kwanza ni pudini. Wako watafsiri waliolifasiri kuwa kitindamlo. Lakini pudini ya Yorkshire, ambayo jina lake limo katika kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse cha mwaka 1747, ni rojo la unga, mayai na maziwa lililookwa katika mafuta ya nyama, nayo huliwa pamoja na nyama au kabla yake. Akiambiwa ni kitindamlo, msomaji ataitia sukari. Hapa heri kuliacha neno pudini, kisha kulieleza.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Hamira ni kitu chenye uhai: hutaka uvuguvugu na muda, ndipo donge liumuke. Mwaka 1843 Mwingereza Alfred Bird alitengeneza unga wa kuumulia usio na hamira, kwa kuwa mkewe alidhurika na hamira. Unga huo ni mchanganyiko wa magadi na asidi. Hufanya kazi mara uguswapo na maji, na tena upatapo joto. Vitu hivi viwili hutofautiana kabisa, lakini wako wanaoviita vyote hamira. Mwenye kuandaa keki kwa unga huo, kisha akaliacha rojo hadi asubuhi kama afanyavyo mwenye maandazi, atapata keki iliyolala. Mtaji wa siku umepotea kwa sababu ya neno. Kwa hiyo twapendekeza hamira ibaki hamira, na hicho kingine kiitwe unga wa kuumulia.

Mfano wa tatu ni oveni. Vitabu vya sayansikimu huagiza kitu kiokwe katika oveni, na msomaji asiye na umeme hudhani mlango umefungwa. Lakini Kiswahili kina kitenzi kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko cha chungu au sufuria. Moto chini, moto juu: hiyo ndiyo kazi yote ya oveni. Wali hupaliwa, mkate wa kumimina hupaliwa, na keki nayo huiva vivyo hivyo. Mwandishi angeandika, "oka katika oveni au kwa kupalia makaa," kitabu kingemfaa msomaji wa Mkula sawasawa na wa mjini. Neno tanuri tungeliachia lile lijengwalo kwa udongo au matofali, maana tayari lina kazi ya chokaa na chuma.

Funzo letu ni hili. Jina la kigeni si adui, likikaribishwa kwa kitu chake halisi. Lakini kabla ya kukopa hapana budi kuchungulia kwanza chunguni mwetu. Huenda kitenzi tunachokitafuta kimo humo, kimefunikwa, na makaa yako juu yake.