Safari moja, maandishi mawili: tukio linapoonekana mara mbili kwenye kalenda ya simu

Mwenye gari anayebeba maharage na mahindi kutoka Base Camp, Nakivale, hadi Mbarara anaweza kuweka mambo yake yote kwenye kalenda ya simu: siku ya kupakia, siku ya kukutana na wakala wa forodha Mirama Hills, tarehe ya kwisha kwa bima ya kadi ya njano ya COMESA. Karani wake naye huifungua kalenda hiyo hiyo kwenye kompyuta mjini Mbarara. Kisha asubuhi moja safari ya Jumanne inaonekana mara mbili. Je, yanatakiwa malori mawili, au ni safari moja tu? Akidhani ni mawili kumbe ni moja, atakodi gari la pili bure. Akidhani ni moja kumbe ni mawili, mzigo wa mteja utabaki chini.

Wengi hukimbilia kufuta. Kufuta huko ndiko huleta hasara kubwa zaidi, kwa hiyo kabla ya yote jua unachokiona ni kitu gani.

Ni moja au ni mawili?

Kuna hali mbili zinazofanana kwa macho. Katika hali ya kwanza tukio ni moja, ila linafika kwenye simu kwa njia mbili. Tuseme karani amekushirikisha kalenda ya duka kupitia barua pepe yako, na wakati huo huo akaunti ya duka nayo umeiingiza kwenye simu hiyo hiyo. Simu inaonyesha zote mbili. Katika hali ya pili maandishi ni mawili kweli: wewe uliandika ukiwa Base Camp, karani akaandika akiwa Mbarara, na vifaa viliposawazishwa, yaani vilipopeana habari, kila kimoja kilileta cha kwake.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Fungua tukio moja, ongeza herufi moja kwenye jina lake, hifadhi, washa data na usubiri dakika chache. Kama yote mawili yamebadilika, hilo ni tukio moja. Usilifute! Ukilifuta litaondoka na kwa karani pia, na kama ni wewe uliyewaalika wenzako, programu inaweza kuwapelekea taarifa kwamba miadi imevunjwa. Dereva akiisoma taarifa hiyo akiwa njiani, atageuza gari. Dawa yake ni kuficha: ingia kwenye orodha ya kalenda ndani ya programu, uondoe alama ya tiki kwenye mojawapo. Sikukuu za Uganda zinazoonekana mara mbili kwa sababu simu ina akaunti mbili hutibiwa hivyo hivyo.

Kama limebadilika moja tu, basi maandishi ni mawili, na moja linaweza kufutwa.

Yanatoka wapi

Programu nyingi za kalenda hufuata kiwango kiitwacho iCalendar, kilichotolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009. Kwa kiwango hicho kila tukio hupewa namba yake ya utambulisho, ambayo mtumiaji kwa kawaida haioni. Ni kama namba ya kontena: makontena mawili yanaweza kufanana rangi na mzigo, lakini namba ni tofauti. Mashine ya kusawazisha hutazama namba hiyo, haisomi jina ulilolipa tukio. Ndiyo maana safari iliyoandikwa na watu wawili, hata kwa maneno yale yale, kwa mashine ni safari mbili.

Chanzo kingine ni faili. Ratiba iliyotengenezwa kama jedwali la CSV na kutumwa kwa WhatsApp haina namba hizo. Ukiiingiza leo na kesho, kila safari itaandikwa mara mbili. Faili ya ICS huwa na namba, kwa hiyo ni afadhali, ingawa ukiiingiza kwenye kalenda mbili tofauti utaona nakala mbili vile vile.

Tatizo la saa

Hapa ndipo watu wetu wanapopotea zaidi. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, simu inasema 9:00. Mmoja akiandika 3:00 na mwenzake 9:00, zitatokea safari mbili zilizopishana saa sita, na kengele ya kwanza italia usiku wa manane. Mtu haoni hata kwamba ni nakala, kwa kuwa hazikai pamoja kwenye ukurasa.

Halafu kuna mipaka. Tanzania na Kenya zina saa moja na Uganda, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja: ikiwa ni 9:00 Mbarara, Kigali na Goma ni 8:00. Simu inayojipangia saa yenyewe inaweza kushika mtandao wa Rwanda ikiwa bado Mirama Hills. Ukikuta safari mbili za jina moja zimepishana saa moja kamili, mpigie mhusika umuulize aliandika kwa saa ya upande gani.

Kusafisha

Fanyia kazi hii kwenye kompyuta. Waombe wenzako wasiandike kitu kipya mpaka umalize, kisha toa nakala ya kalenda nzima na kuihifadhi pembeni. Futa ukiwa sehemu moja tu. Kwa anayetumia Google Calendar, vilivyofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa takriban siku 30, na vinaweza kurudishwa. Safari ya kila wiki ina hatari yake: programu itakuuliza kama unafuta siku hiyo peke yake au mfululizo wote. Soma swali hilo kabla ya kubonyeza.

Kuhusu programu zinazoahidi kufuta nakala zenyewe, tahadhari. Nyingi hulinganisha jina na saa tu. Malori mawili yanayopakia Base Camp saa ile ile, yote yakiwa yameandikwa “Kupakia”, yatahesabiwa kuwa moja. Andika namba ya gari na jina la mteja kwenye kichwa cha kila tukio.

Nakala mbaya kuliko zote ni ile isiyofanana. Bima imelipiwa upya, tarehe mpya imeandikwa, ya zamani haikuondolewa. Au siku ya kupakia imesogezwa kwenye simu iliyokuwa haina data. Usichague kwa kukisia ipi ni sahihi. Toa kadi yenyewe uisome, au mpigie mteja, ndipo ufute.